Kombe Lililochezwa kwa Saa za Mji wa Kale

Mpenzi halisi wa mpira huipanga siku yake kwa ratiba ya mechi. Sisi mashabiki wa msimu twangoja mechi ije itukute tulipo, na isipotukuta hatuugui. Mimi ligi za Ulaya zanipita. Sijui nani kauzwa wapi kwa mabilioni mangapi. Mpwa wangu amewahi kunieleza sheria ya kuotea kwa vijiko na vikombe vya chai, nami nikaisahau kabla chai haijapoa. Lakini likija Kombe la Dunia au Kombe la Mataifa ya Afrika, nami huketi mbele ya runinga kama watu. Na katika makombe yote niliyoyafuata kwa kudokoadokoa hivyo, hakuna lililonikaa vizuri kuliko lile la Qatar, lililoanza Novemba 20 na kumalizika Desemba 18, 2022. Sababu kubwa ni saa.

Doha na Mombasa zatumia saa zile zile. Ikiwa saa kumi na mbili jioni kule, ni saa kumi na mbili jioni Kuze na Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale. Raundi za kwanza mechi zilianza saa saba mchana, saa kumi, saa moja jioni na saa nne usiku. Baadaye zikabaki za saa kumi na mbili na za saa nne. Hapakuwa na haja ya kuweka kengele ya saa tisa usiku, wala ya kushinda kazini macho mekundu. Kombe lenyewe lilikuwa limesogezwa kutoka Juni na Julai kwa kuogopa jua la Ghuba, kwa hiyo likaja kwetu pamoja na kaskazi, msimu ambao tangu jadi Mji wa Kale hupokea vitu kutoka upande ule.

Tabu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa tamu. Mwezi wa Desemba jua la Mombasa huzama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Kila mechi ya saa kumi na mbili, kwa hiyo, ilikatwa na adhana ya Magharibi katikati ya kipindi cha kwanza. Runinga za mitaani zikanyamazishwa sauti, wanaume wakainuka, vikombe vya kahawa vikabaki juu ya baraza. Mnamo Desemba 1 Moroko ilipocheza na Kanada, Hakim Ziyech alifunga dakika ya nne, mtaa mzima ukamwona. Bao la pili, la Youssef En-Nesyri, liliingia dakika ya 23, na wanaume wengi wa mtaa wetu walikuwa wameshaelekea msikitini. Waliporudi walikuta ni mbili bila, na waliowahadithia bao lilivyofungwa ni wanawake waliokuwa ndani. Sijui kama jambo hilo limewahi kutokea tena katika historia ya mpira wa Mombasa.

Nasema wanawake waliokuwa ndani kwa sababu ndipo tulipo. Baraza la nje lina wenyewe. Mwenye dele la kahawa hupita akawamiminia, haluwa ipo, mabishano yapo, projekta ikipatikana hutundikwa shuka ukutani na uchochoro ukawa uwanja. Mwanamke akipita hapo atasalimiwa kwa heshima zote, na ataachiwa njia apite. Hataambiwa karibu uketi. Basi sisi twaangalia sebuleni, na zaidi ya kuangalia, twasikiliza. Nyumba za Mji wa Kale zimekaribiana kiasi kwamba wa dirisha hili anaweza kumpa chumvi wa dirisha lile, na katika ujirani huo bao moja hufungwa mara tatu. Wenye antena ya kawaida hupiga kelele kwanza. Wenye dishi na king'amuzi cha kulipia hufuata sekunde chache baadaye. Wanaotazama kwa simu, kwa intaneti, hupata bao lao nusu dakika baadaye au zaidi, wakati wenzao wameshaanza kugombana juu yake. Sisi dishi letu lilikuwa la katikati, kwa hiyo kila mpira ulipokaribia lango nilikuwa naangalia runinga kwa jicho na nyumba ya jirani kwa sikio. Jirani akinyamaza, nilijua mpira umetoka.

Timu yetu wenyewe haikuwapo, na si kwa mara ya kwanza. Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia. Katika mchujo wa Qatar ilimaliza ya tatu katika kundi lake, nyuma ya Mali na Uganda, mbele ya Rwanda peke yake. Juu ya hayo, Februari 2022 FIFA iliifungia nchi kwa sababu ya serikali kuingilia uongozi wa shirikisho, na kifungo hicho kikaondolewa Novemba 28, kombe likiwa limeshika moto. Kwa hiyo Wakenya tuliingia mashindanoni kama wageni wa harusi wasiojua wamealikwa upande wa bwana au wa bibi. Watoto walijigawa Brazil na Argentina kama kawaida. Kuna waliokuwa bado na mapenzi na Ubelgiji tangu 2014, Divock Origi alipoifungia bao dhidi ya Urusi, maana babake, Mike Okoth, aliwahi kuichezea Harambee Stars na hilo kwetu latosha kuwa undugu.

Kisha Novemba 22, saa saba mchana, Saudi Arabia ikaifunga Argentina ya Messi mabao mawili kwa moja. Siku ile ndiyo Mji wa Kale ulipoanza kuchagua. Nyumbani kwetu hata wazee waliokuwa hawajawahi kuuliza matokeo ya mechi yoyote waliuliza. Walikuwa wameshavutwa na ufunguzi, Ghanim Al Muftah aliposoma Kurani mbele ya Morgan Freeman na dunia nzima ikimtazama, na habari ya kuzuiwa bia viwanjani siku mbili kabla ya mechi ya kwanza ilipokewa hapa kwa furaha ambayo pengine haikuonekana Manchester. Ikawa ni kombe ambalo nyanya aweza kuketi akaangalia na wajukuu bila kugeuza uso.

Hata viwanja vilitujua. Uwanja wa Al Thumama, wa watu zaidi ya 44,000, ulibuniwa na msanifu wa Qatar, Ibrahim Jaidah, kwa sura ya kofia ya mkono ya watoto na wanaume wa Kiarabu. Katika mji ambamo kofia hushonwa kwa sindano miezi kadhaa, tundu moja baada ya jingine, hatukuhitaji mtangazaji kutueleza. Na Moroko ilishinda mara tatu ndani ya kofia ile: Ubelgiji mbili bila, Kanada mbili kwa moja, Ureno moja bila.

Ile ya Ureno yataka kusimuliwa polepole.

Kabla yake kulikuwa na Uhispania, Desemba 6, dakika 120 bila bao, mechi iliyopita juu ya Magharibi ikapita na juu ya Isha. Ilipofika matuta, Pablo Sarabia aligonga mwamba, Yassine Bounou akapangua mikwaju ya Carlos Soler na Sergio Busquets, na Achraf Hakimi, mzaliwa wa Madrid, akaumaliza kwa mpira wa kuchota katikati ya lango, polepole, kama mwenye dharau. Mtaa ulipasuka mara tatu kwa ule utaratibu wetu wa antena, dishi na simu. Lakini baada ya shangwe mtu akauliza anayefuata ni nani. Ureno. Robo fainali, Jumamosi, Desemba 10.

Kwa mji mwingine Ureno ni Cristiano Ronaldo. Kwa sisi ni ukuta. Fort Jesus iko pale pale, Wareno waliianza 1593, na kila mtoto wa Mji wa Kale amecheza mpira kwenye kivuli chake. Siku zile nne za kungoja mechi, historia ilitolewa kabatini ikapigwa vumbi. Barazani walihesabiana: Vasco da Gama alipofika 1498, Francisco de Almeida alipouchoma mji 1505, na mzingiro mkubwa ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698 ngome ilipoanguka mikononi mwa Waomani. Mwalimu mmoja mstaafu wa jirani alikuwa akimwambia kila apitaye kwamba miaka mitatu kasoro ya kuwazingira Wareno ilikuwa ya Mombasa, na kwamba Moroko ilihitaji dakika tisini tu. Wengine walikwenda mbali zaidi, hadi Agosti 1578, mfalme Sebastian wa Ureno alipouawa vitani katika ardhi hiyo hiyo ya Moroko, huko Ksar el-Kebir. Mimi sikutaka kuwaharibia raha kwa kuwakumbusha kwamba ndani ya ngome ile iliyozingirwa walikuwamo Waswahili pia, watu wa Faza, wakipigana upande wa Wareno. Mpira haupendi historia yenye pande tatu.

Mechi ilianza. Adhana ikaja, wakaenda. Dakika ya 42 walikuwa wameshatoa salamu na kurudi, baadhi wakiwa bado wamesimama mlangoni na viatu mkononi, Yahya Attiat-Allah alipoinua krosi kutoka kushoto na En-Nesyri akaruka. Aliruka akabaki huko juu. Kipa Diogo Costa alitoka na mikono yote miwili na bado kichwa kiliufikia mpira kabla ya mikono. Nilisikia kelele za jirani, nikajua, kisha nikaona. Ronaldo, aliyeanzia benchi, aliingizwa kipindi cha pili na hakubadilisha kitu. Alitoka uwanjani akilia, na watoto wetu wa jezi namba saba walikuwa kwenye mtihani mkubwa wa maisha yao, hawajui wacheke au wamuage shujaa. Walicheka. Sofiane Boufal akaingia uwanjani akicheza na mamake. Nimekwisha kusema mimi si mjuzi wa mpira. Wachezaji wa Moroko nimewashika kwa mama zao. Yule aliyembusu mamake jukwaani baada ya Ubelgiji ndiye Hakimi, yule aliyecheza na mamake ndiye Boufal. Ni njia ya kuwajua watu iliyo sawa na nyingine yoyote.

Moroko ikawa nchi ya kwanza ya Afrika, na ya kwanza ya Kiarabu, kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kameruni ilikuwa imeishia robo fainali 1990, Senegal 2002, Ghana 2010 kwa mkono wa Luis Suárez ambao Afrika haijausamehe. Sasa mlango ulikuwa umefunguka. Na hapo ndipo mabishano makubwa ya kombe lile yalipoanza: ushindi huu ni wa nani?

Boufal, baada ya Uhispania, alikuwa ameutoa zawadi kwa Wamoroko wote, Waarabu wote na Waislamu wote. Afrika hakuitaja. Bara likanung'unika, naye akaomba radhi na kuwashukuru Waafrika. Wachezaji walikuwa wamepiga picha na bendera ya Palestina. Katika redio na simu za Nairobi niliona watu wakiulizana kwa hasira kama Moroko yajiona ni Afrika kweli au yatukumbuka inapotaka makofi. Ni swali halali. Yapo mambo ya rangi na dharau kaskazini mwa bara ambayo hayafutwi na bao la kichwa.

Lakini swali hilo Mji wa Kale unalijua kwa moyo, maana umeulizwa wenyewe. Nyinyi ni Waafrika au Waarabu? Waliuliza wakoloni walipotugawa kwa vipande vya kodi, wakauliza wanasiasa wakati wa mjadala wa Mwambao, wa pwani kujitenga na Kenya au kuungana nayo, na hadi miaka ya karibuni kijana wa Kibokoni akienda kutafuta kitambulisho aliulizwa kwa namna nyingine, aje na cheti cha babu. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Fort Jesus mpaka 1963. Juma lile lile la mechi, Desemba 12, tuliadhimisha Jamhuri ya Kenya. Watu waliokulia katika hali hiyo hawakuona ugumu wowote kushangilia Moroko mara mbili, mara moja kama Waislamu wa pwani na mara ya pili kama Waafrika. Barazani mtu akikumbusha kwamba Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alilala Mombasa usiku mmoja mwaka wa 1331 na akaandika kwamba wenyeji ni wacha Mungu na misikiti yao ya mbao imejengwa imara, mwingine humjibu kwamba basi Moroko yatudai malazi. Katika wachezaji 26 wa kocha Walid Regragui, 14 walizaliwa nje ya Moroko. Bounou mwenyewe kazaliwa Montreal. Hiyo ni hesabu ambayo nyumba nyingi za hapa zaielewa, ukihesabu walio Muscat, Dubai, London na Toronto. Maoni yangu ni kwamba Boufal alikosea kusahau, na waliomkasirikia nao walikosea kutaka achague.

Kombe lilikuwa na watu wetu pia, ingawa hawakuwa na jezi. Abubakr Abbas, kijana wa Kenya, alikaa juu ya kiti kirefu karibu na Souq Waqif akiwaelekeza mashabiki kwenye metro kwa kidole kikubwa cha sponji, na kwa wimbo wake wa kuelekeza njia akawa maarufu kuliko nusu ya wachezaji; alialikwa mpaka uwanja wa Al Bayt usiku wa Uingereza na Marekani. Tulijivuna naye. Mpwa wangu mwingine alikuwa Doha wakati huo akilinda duka kubwa, zamu ya saa kumi na mbili. Kombe lote hakuingia uwanjani. Alikuwa akinitumia sauti kwa simu wakati wa mapumziko yake, nami namweleza mechi iliyokuwa ikichezwa kilomita chache kutoka aliposimama.

"Shangazi, nani kafunga?"

"En-Nesyri, mwanangu. Wewe huko huoni?"

"Huku naona mlango tu."

Na Desemba 10, siku ile ile ya Ureno, mlinzi kijana kutoka Kenya alianguka kutoka mahali pa juu katika uwanja wa Lusail, akafariki hospitalini siku chache baadaye. Habari zake zilitufikia katikati ya shangwe za nusu fainali. Nyumba ambazo zina mtoto Ghuba, na Mji wa Kale ni chache zisizo naye, zilipunguza sauti ya runinga bila kuambiwa na adhana.

Nusu fainali yenyewe, Desemba 14 saa nne usiku, sina mengi ya kuisimulia. Ufaransa ilifunga dakika ya tano kwa Theo Hernandez, ikaongeza dakika ya 79 kwa Randal Kolo Muani. Nayef Aguerd alikuwa ameondolewa kikosini dakika za mwisho kwa kuumia, nahodha Romain Saïss akatoka mapema. Walicheza kwa ujasiri na wakashindwa. Kroatia ikawanyima nafasi ya tatu, mbili kwa moja, na fainali ikachukuliwa na Argentina kwa matuta mbele ya Ufaransa, mechi ambayo wajuzi wanasema ndiyo fainali bora kuliko zote. Mimi niliiangalia kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kula.

Tangu hapo makombe mengine yamepita. La kuchekesha zaidi ni CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, lililochezwa Agosti 2025 nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Agosti 10, Kasarani, Kenya ilikutana na nani kama si Moroko. Waliolia nusu fainali ya Qatar walimshangilia Ryan Ogam kwa bao lake la kipindi cha kwanza, na Kenya ikalilinda ikiwa na wachezaji kumi. Hapakuwa na mjadala wa kuchagua upande. Baadaye Kenya ikatolewa robo fainali na Madagaska kwa matuta, na Moroko ikabeba kombe.

Mechi za Kenya na nyingine zote za upande wetu zilichezwa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Zanzibar walipata Amaan. Mombasa, mji uliotoa Feisal, mabingwa wa ligi ya Kenya 1965, na ambao jirani yake Freretown ndiyo iliyomzaa Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyoufanya mpira wa redio uonekane, haukupata mechi hata moja. Uwanja wa Manispaa ukarabati wake umevuta miaka.

Kombe la 2026 la Marekani, Kanada na Meksiko nalo ni la saa za watu wengine. Fainali ya Julai 19 imepangwa saa tisa mchana huko, saa nne usiku kwetu, na hiyo ni katika zile nafuu. AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ndiyo itakayorudi kwenye saa zetu, maana CAF imezipa Kenya, Uganda na Tanzania kuiandaa, na uwanja mpya unaojengwa kwa ajili yake, Talanta, nao uko Nairobi. Tiketi, nauli ya treni na malazi si vya kila nyumba ya Kuze.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kaunti ya Mombasa ni dogo. Wekeni skrini kubwa uwanja wa Makadara, na wekeni viti upande wa wanawake na watoto, vya kutosha, vyenye mwanga na ulinzi. Picha ikatizwe kwa adhana. Anayetaka kubaki barazani na kahawa yake abaki. Sisi tumeangalia kwa masikio muda mrefu, twataka mara moja kuona bao pamoja na watu wengine linapoingia.